Kusahihisha Kila Kosa au Kuteua Machache: Njia za Kumsaidia Mwandishi wa Kiingereza wa Ngazi ya Juu

Mwanafunzi anayezungumziwa hapa si yule anayehangaika bado na nyakati za vitenzi. Ni mhitimu wa kidato cha sita wa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), mwanachuo anayeandika tasnifu, au mtumishi wa shirika ambaye anakizungumza Kiingereza bila kusitasita na kukisoma gazetini bila kamusi, lakini maandishi yake yakifika kwa msimamizi au kwa mtahini hurudi yamejaa wino mwekundu. Katika ngazi za umahiri wa lugha zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, mtu huyu yuko kwenye C1, ngazi ya pili kutoka juu, au ameikaribia kutoka B2 iliyo chini yake. Kumsaidia ni kazi tofauti na kumfundisha anayeanza, kwa sababu sarufi ya msingi anayo tayari, na makosa yaliyobaki yamekwisha kuwa mazoea: ameyaandika kwa miaka mingi, wasomaji wake wamemwelewa, na pengine hakuna aliyepata kumwambia kwamba ni makosa.

Ili njia zinazolinganishwa hapa zipimwe kwa kipimo kimoja, tuchukue sentensi ya aina ambayo kila anayesahihisha insha za Afrika Mashariki ataitambua:

"Although the government has built many schools, but most of students which I interviewed them discussed about the lack of books, whereby teachers are forced to write notes on the blackboard."

Sentensi hii inaeleweka, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. "Although" na "but" zimekaa pamoja kwa kuwa Kiswahili kinaruhusu "ingawa" itangulie na "lakini" ifuate. "Them" imebaki baada ya "interviewed" kwa kuwa kitenzi chetu, "niliowahoji", hubeba kirejeshi na kiambishi cha mtendwa kwa pamoja bila kuonekana kuwa kimezidisha. "The" imekosekana kabla ya "students" kwa kuwa Kiswahili hakilazimishi neno la kazi hiyo. "About" imeifuata "discussed" kwa mfano wa kuzungumza kuhusu jambo, na "whereby" imetwishwa kazi zote ambazo "ambapo" hufanya katika hotuba na taarifa za habari.

Makosa hayo hayafanani kwa tabia. Dana Ferris, mtafiti wa Marekani ambaye ameandika sana juu ya usahihishaji wa maandishi ya wajifunzaji wa Kiingereza, ameyagawa makosa ya namna hii katika mafungu mawili: yale yanayotibika kwa kanuni ambayo mwanafunzi anaweza kuelezwa na kuitumia tena, na yale yasiyo na kanuni, ambayo mtu huyajua kwa kuyazoea tu. "Although" bila "but" ni kanuni. "Them" inayozidi ni kanuni. Kwamba "discuss" haitaki "about" ilhali "talk" inaitaka, hilo halina kanuni ya kumfaa mwanafunzi, na ndiyo maana mwalimu anayeulizwa sababu huishia kusema kwamba ndivyo wenyewe wanavyosema. Mgawanyo huu ndio utakaoamua mambo mengi huko mbele, pamoja na swali moja ambalo naliona kuwa kipimo halisi cha kila njia: baada ya karatasi kurudishwa, ni nani ambaye bado ana kazi ya kufanya?

Kusahihisha kila kosa, na kuteua

Njia iliyoenea kuliko zote ni ile ya mwalimu kupita sentensi kwa sentensi, akikata na kuandika juu yake umbo sahihi. Heshima yake ni kubwa. Mzazi akiliona daftari lenye wino mwingi husema mwalimu huyu anafanya kazi, na mwanafunzi mwenyewe, hasa mtu mzima anayejilipia kozi, huona kwamba amepata haki yake. Ubaya wake ni kwamba kazi yote imefanywa na mwalimu. Mwanafunzi hupokea sentensi iliyonyooka, huinakili kwenye rasimu ya pili, na wiki inayofuata "but" inarudi pale pale baada ya "although".

Mwaka 1996 John Truscott, aliyekuwa akifundisha Taiwan, aliandika makala katika jarida la Language Learning akidai kwamba usahihishaji wa sarufi katika madarasa ya uandishi haufai kitu, una madhara, na uachwe kabisa. Ferris alimjibu mwaka 1999, na mabishano yaliyofuata yamezaa utafiti mwingi. Mimi sifuati dai la Truscott hadi mwisho wake, lakini alifanya jambo moja la maana: aliwalazimisha walimu kuuliza kama saa zile za kusahihisha zinaonekana katika insha ijayo, na si katika insha ile ile tu.

Kuteua ni kinyume chake. Mwalimu anaamua kwamba kwa mwezi huu atashughulikia mambo mawili, tuseme viunganishi vinavyorudufiwa na kishazi rejeshi chenye "them" ya ziada, na mengine yote anayaacha yapite, akiwa amewaambia wanafunzi mapema kwamba anayaacha kwa makusudi. Mapema ni muhimu hapo, kwa sababu mwanafunzi asiyeambiwa huamini kwamba kila kisichopigwa mstari ni sahihi, na atamwonyesha msimamizi wake karatasi hiyo kama ushahidi. Faida yake ya kwanza ni hesabu tupu. Insha 60, kila moja ikichukua dakika 20 kusahihishwa kikamilifu, ni saa 20 za kazi. Zile zile kwa dakika 6 kila moja ni saa 6. Mwalimu mwenye mikondo miwili au mitatu hahitaji nadharia ya kumshawishi zaidi ya hapo.

Faida ya pili ni kwamba kuteua kuna ushahidi. John Bitchener na Ute Knoch, katika utafiti wao nchini New Zealand, walishughulikia matumizi mawili tu ya "a" na "the": "a" kitu kinapotajwa kwa mara ya kwanza, na "the" kinapotajwa tena. Waliosahihishwa katika hayo mawili waliendelea kuyatumia kwa usahihi zaidi kuliko wasiosahihishwa, hata baada ya miezi 10. Ni eneo jembamba sana la sarufi, na mtu anaweza kulalamika kwamba Kiingereza ni kipana kuliko vijineno viwili. Hata hivyo, kwa msemaji wa Kiswahili vijineno hivyo viwili ndivyo vinavyoongoza kwa makosa kuanzia ukurasa wa kwanza wa tasnifu hadi wa mwisho.

Hukumu yangu kwa jozi hii ni kwamba kuteua kunashinda kwa mtu yeyote atakayeandika tena. Kusahihisha kila kosa kubakie kwa andiko ambalo ni lazima litoke likiwa safi hata kama mwandishi wake hatajifunza lolote, jambo ambalo litarudiwa kwenye habari ya tasnifu.

Mstari, alama, au maelezo

Ukisha kuteua, bado unachagua namna ya kuonyesha. Shule nyingi zina orodha ya alama za pembeni: herufi moja kwa tahajia, nyingine kwa wakati wa kitenzi, nyingine kwa neno lisilofaa. Wengine hupiga mstari tu chini ya kosa na kumwachia mwanafunzi alitafute. Utafiti wa Ferris na Barrie Roberts wa mwaka 2001 ulilinganisha namna hizi mbili na haukuona tofauti kubwa katika uwezo wa wanafunzi kujisahihisha. Kwa hiyo mwalimu anayechoka kukumbuka herufi kumi na tano za pembeni anaweza kuziacha bila kuwanyima wanafunzi wake kitu.

Kwa wanafunzi wa ngazi ya juu, hata hivyo, kuna utafiti mwingine wa Bitchener na Knoch, wa mwaka 2010, ambao ni vizuri uangaliwe kwa utulivu. Uliwahusu wanafunzi 63 wa ngazi ya juu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Makosa ya kundi moja yalizungushiwa duara tu, na makundi mengine yalipewa maelezo mafupi ya kanuni. Mara moja baada ya hapo wote waliwazidi wale ambao hawakupewa chochote. Wiki 10 baadaye, waliozungushiwa duara walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya walichopata, ilhali waliopewa maelezo walikuwa bado nacho.

Sababu yake haishangazi. Duara humwambia mtu kwamba pana kosa. Mwandishi mzoefu analirekebisha kwa kubahatisha, mara nyingi kwa usahihi, kisha analisahau. Maelezo ya kanuni, hata yakiwa sentensi mbili chini ya ukurasa, humpa kitu cha kubeba. Kwa sentensi yetu ya mfano ningepiga mstari chini ya "but" na "them", kisha chini ya ukurasa ningeandika kwamba katika Kiingereza kiunganishi kimoja kinatosha kuunganisha vishazi viwili, na kwamba kirejeshi kikisha kumtaja mtendwa, "them" haina nafasi tena. Umbo sahihi nisingeliandika. Hilo ni lake.

Kumwandikia upya

Hadi hapa tumekuwa katika fungu la makosa yenye kanuni. Kwa fungu la pili, na kwa lile jambo gumu zaidi la sentensi isiyo na kosa lakini isiyosomeka, mstari na maelezo hayafiki mbali. Ipo njia iliyotetewa na Andrew Cohen miaka ya 1980 ambayo naona haijapewa nafasi yake huku kwetu: mwalimu huchukua aya moja ya mwanafunzi, haisahihishi, bali anaiandika upya yote kama ambavyo yeye mwenyewe angeisema, bila kubadili hoja hata moja. Kisha mwanafunzi huketi na aya mbili, yake na ya mwalimu, akatafuta kila mahali zilipotofautiana na kujieleza kwa nini.

Sentensi yetu ikiandikwa upya inaweza kuwa hivi: "Although the government has built many schools, most of the students I interviewed complained of a shortage of books, which forces their teachers to copy notes onto the blackboard." Mwanafunzi makini ataona "but" na "them" zimeondoka, lakini ataona pia kwamba "discussed about" haikupunguzwa kuwa "discussed": imekuwa "complained of", kwa sababu ndicho walichofanya wale wanafunzi waliohojiwa. "Lack" imekuwa "shortage". "Write" imekuwa "copy". Mabadiliko mawili ya mwisho hayakusahihisha kosa lolote, lakini yote matatu yameisogeza sentensi karibu na jambo lenyewe. Hapo ndipo mwandishi wa ngazi ya juu anapohitaji msaada, na usahihishaji wa kawaida haugusi hapo kamwe.

Gharama yake ni muda, na inamtaka mwalimu ambaye mwenyewe anaandika vizuri, sharti ambalo si kila shule inalitimiza. Kwa darasa kubwa inawezekana kuandika upya aya moja tu ya mwanafunzi mmoja kila wiki, jina likiwa limefichwa, na darasa zima likailinganisha ubaoni. Ningependelea hivyo mara nyingi kuliko saa nzima ya mazoezi ya kujaza nafasi.

Maoni ya maandishi, na mazungumzo

Maoni ya pembeni kama "unclear" na "explain more" yana tatizo ambalo mwandikaji wake halioni: mwandishi wa aya aliiona iko wazi, la sivyo asingeiandika hivyo. Kumwambia haiko wazi hakumwonyeshi msomaji alipotelea wapi. Mazungumzo ya dakika 10 juu ya rasimu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa mwalimu anaweza kusoma kwa sauti na kusimama palipomkwamisha.

Lakini mazungumzo nayo yana shida yake, na kwetu ni kubwa. Mwanafunzi aliyelelewa vyema anaingia ofisini, anaamkia, anaketi pembeni mwa kiti, na kwa kila atakaloambiwa atajibu "sawa, mwalimu" au "nimeelewa, mama". Hatabishana juu ya hoja yake na mtu anayemwamkia shikamoo. Dakika 10 zinakwisha, mwalimu amesema yote, na mwanafunzi ameondoka na kurasa ambazo bado hajui azifanyeje. Dawa ninayoifahamu ni kugeuza mpangilio: mwalimu afunike karatasi, amwombe mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili aya ile inadai nini, na asikilize hadi mwisho. Mara nyingi hoja inatoka ikiwa imenyooka kuliko ilivyo kwenye karatasi, na kilichobaki ni kumwambia aiandike hiyo. Najua wapo wakuu wa idara watakaokunja uso kusikia Kiswahili katika saa ya Kiingereza. Hata hivyo, mtu anayepanga hoja kwa lugha aliyoizoea na kuiandika kwa lugha anayojifunza hajavunja kitu.

Kati ya mawili haya, maandishi yanafaa kwa sarufi na mazungumzo yanafaa kwa hoja. Anayeweza kupata yote mawili asiyatumie kwa rasimu moja wakati mmoja: hoja kwanza, kwa rasimu ya kwanza, na sarufi ibaki kwa ya pili. Kusahihisha "the" katika aya ambayo kesho itafutwa ni kupoteza wino.

Wenzake darasani

Kuhusu kubadilishana karatasi na wenzake, maneno machache yanatosha. Lalamiko la kawaida ni kwamba kipofu hawezi kumwongoza kipofu, na kwa sarufi lina ukweli. Kristi Lundstrom na Wendy Baker walionyesha mwaka 2009 kwamba waliofundishwa kutoa maoni juu ya maandishi ya wengine waliinua uandishi wao kuliko wale waliopokea maoni tu, ingawa wanafunzi hao hawakufika ngazi ya juu kabisa. Mfaidika, basi, ni msomaji kuliko msomwa. Njia hii itumike kwa mpangilio na ushahidi wa hoja, si kwa sarufi, na mwalimu asitarajie kwamba itampunguzia kazi ya kusahihisha.

Mashine, na kopasi

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, na Grammarly, programu ya kusahihisha Kiingereza, kabla yake tangu 2009, swali ambalo wanafunzi huuliza si kama watumie bali namna ya kutumia bila kushikwa. Tuliangalie kwa kipimo kile kile. Ukiipa mashine sentensi yetu na kuiambia irekebishe, utarudishiwa sentensi safi kwa nukta chache, karibu sawa na ile aliyoandika mwalimu. Tofauti ni kwamba hakuna aliyebaki na kazi. Mwanafunzi ananakili na kuendelea, na baada ya muhula mzima "whereby" yake iko pale pale siku atakapoingia kwenye chumba cha mtihani bila simu.

Pana pia hatari ya kudhaniwa mdanganyifu bila kosa. Watafiti wa Stanford walipima mwaka 2023 programu saba zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba, wakatumia insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu wasio wenyeji wa Kiingereza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kimakosa kuwa za mashine. Mwalimu anayeegemea programu hizo peke yake anaweza kumwadhibu mwanafunzi kwa sababu ya msamiati wake mdogo. Rasimu zenye tarehe zitamlinda mwanafunzi huyo kuliko ubishi wowote.

Matumizi ninayoweza kuyatetea ni yale yanayoiachia kazi mikono ya mwandishi: kuiomba mashine itaje makosa matatu yanayojirudia na kanuni zake, bila kuandika upya sentensi hata moja. Kwa makosa yasiyo na kanuni, hata hivyo, kipo chombo ambacho nakithamini zaidi, nacho ni kopasi, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini halisi ambao mtu hutafuta ndani yake kwa kompyuta jinsi neno linavyotumika. Mojawapo, COCA, iliyojengwa na Mark Davies alipokuwa Chuo Kikuu cha Brigham Young, ina zaidi ya maneno bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani ya kuanzia 1990 hadi 2019, na mtu anaweza kuitafuta bure kwa kiwango fulani akijiandikisha. Mwanafunzi akiandika humo "discuss the" na kisha "discuss about the", atajionea mwenyewe jinsi ya pili ilivyo adimu. Hakuambiwa na mtu, amethibitisha. Asiye na bando la kutosha atapata sehemu kubwa ya msaada huo katika kamusi ya Oxford ya maneno yanayoandamana, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002.

Kuchagua kwa kadiri ya lengo

Anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, ana sababu ya kipekee ya kutotumia muda wote kwa sarufi. Sehemu ya uandishi hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mpangilio na mfululizo wa hoja, msamiati, na sarufi. Sarufi basi ni robo tu, na insha ya pili, yenye angalau maneno 250 na kupendekezwa dakika 40, ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza. Kwake ningechagua mazungumzo juu ya mpango wa insha, makosa mawili ya kuteuliwa yenye maelezo, na mashine iwekwe mbali siku za mazoezi ya saa.

Mwalimu wa darasa kubwa achague kuteua pamoja na aya moja ya kuandikwa upya ubaoni kila wiki. Mtumishi wa ofisi anayeandika ripoti zinazofanana kila mwezi atafaidika zaidi na kopasi na daftari dogo la makosa yake mwenyewe, kwa kuwa makosa hayo yatarudi mwezi ujao katika aya zile zile.

Mwandishi wa tasnifu yuko peke yake katika orodha hii. Akiwa na mwaka mbele yake, ashauriwe kama wengine: aanze na sura moja, msimamizi aandike upya kurasa mbili, na yeye amalizie zilizobaki kwa kufuata alichokiona. Akiwa na wiki tatu, muda wa kujifunza umekwisha, na hapo mhariri wa kulipwa anayesahihisha kila kosa ndiye chaguo sahihi. Kabla ya kumkabidhi kazi, asome kanuni za chuo chake kuhusu uhariri wa nje, apate ruhusa ya msimamizi kwa maandishi pale inapotakiwa, na wakubaliane kwamba mhariri atagusa lugha bila kugusa hoja wala takwimu. Kila badiliko liachwe likionekana kwenye faili, ili mwandishi apite na kulikubali au kulikataa yeye mwenyewe kabla ya kuchapa nakala za kuwasilisha.